Kadi ya Nne

Kabla ya kuanza kuchora kadi za wasindikizaji, Lucia alikuwa akiandika mabango ya vinyozi na maduka ya dawa mjini Gitega. Alizaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Mtabila, upande wa Kigoma, Tanzania, akarudi Burundi na wazazi wake akiwa bado msichana wa shule. Kirundi chake kilikuwa na lafudhi iliyowachekesha wenzake darasani, kwa hiyo alizoea kukaa kimya na kuchora. Baadaye kuchora kukawa ndiyo kazi.

Aliyempa kazi ya kadi aliitwa Espérance, muuguzi kutoka Uvira, Kongo, mwanamke mnene mwenye sauti ya juu, aliyesimamia shirika dogo la kuwasaidia watu wanaotaka kuacha pombe. Shirika lilikuwa na ofisi ya vyumba viwili Gitega na wasindikizaji vijijini, mpaka Muyinga. Msindikizaji hakuwa daktari. Alikuwa mtu wa kawaida, mara nyingi mtu aliyewahi kulewa mwenyewe akaacha, na kazi yake ilikuwa kumtembelea anayejaribu kuacha, kukaa naye, kumsikiliza, na kurudi tena. Wengi wao hawakusoma sana. Espérance alitaka wawe na kadi za picha mkononi, wazifungue mbele ya mtu na kuanzisha mazungumzo.

"Sitaki chupa," alimwambia Lucia siku ya kwanza. "Sitaki kibuyu, sitaki mrija, sitaki hata glasi. Mi niliwahi kuleta affiche ya ukutani iko na chupa kubwa, na alama nyekundu juu yake. Watu wakaiangalia sana. Réunion ilipoisha wakaenda moja kwa moja kwa kabare kukunywa."

"Sasa nitaonyeshaje kwamba mtu anakunywa?"

"Hiyo ndiyo kazi yako."

Lucia alichora kadi sita. Katika ya kwanza, watoto wanakula na mama yao na nafasi ya baba mkekani iko wazi, baba mwenyewe anaonekana mlangoni, kaegemea kizingiti. Katika ya pili amejifunika blanketi mchana wa jua, mikono inatetemeka. Katika ya tatu anatembea njiani na mtu mwingine. Katika ya nne ameanguka kwenye matope, na yule mwenzake amenyoosha mkono kumwinua. Katika ya tano yuko shambani. Katika ya sita amekaa kati ya watu na anaongea.

Kadi ya nne ilimpa Espérance furaha kuliko zote. Wafadhili wengi, alisema, hawapendi picha hiyo, wanataka mtu apone na mambo yaishe. Lakini watu huanguka. Msindikizaji asipokuwa na picha ya kuanguka, siku mteja wake atakaporudia pombe wote wawili watadhani kazi imeharibika, na hawatatazamana tena.

Walizijaribu kadi Bugendana, nyuma ya kanisa, kwa kinamama waliokuwa wakitoka kuuza maharage. Kinamama wakazipokea kwa heshima, wakazipitisha mkono kwa mkono, kisha mmoja akauliza kama wanaume hao sita wote ni wa kijiji kimoja.

"Ni mtu mmoja," Lucia alisema.

Hawakukubali. Huyu ana koti, yule hana. Huyu amekonda, yule ana mashavu. Lucia alikuwa amembadilisha kidogo kidogo, kama mwili unavyobadilika mtu anapopona, na matokeo yake alikuwa amechora wanaume sita.

Akarudi Gitega akamvika mtu wake kofia ya sufu nyekundu, ile inayoshuka mpaka masikioni. Alichagua nyekundu kwa sababu inaonekana kwa mbali hata kadi ikichakaa. Walipojaribu tena, safari hii Mutaho, kwenye kituo cha baiskeli za mizigo, hakuna aliyekosea. Waendesha baiskeli waliweka kidole juu ya kofia katika kila kadi na kusema, huyu hapa, huyu hapa tena. Espérance akapiga makofi. Kadi zikachapwa, zikafungwa kwa mafurushi, zikapelekwa.

Simu kutoka Muyinga ilikuja msimu wa mvua. Aliyepiga alikuwa Barnabé, msindikizaji mzuri kuliko wote wa upande ule, Mkongomani wa Fizi aliyeuza viatu vya mtumba sokoni. Yeye mwenyewe aliacha kunywa miaka mingi iliyopita.

"Dada Lucia, huku iko problème," alisema. "Ile picha yako, watu wanasema ni Sebastiani."

"Sebastiani gani?"

"Iko mtu huku, anafyatua vigae. Mi ndiye ninamusindikiza. Anavaa kofia nyekundu. Kila siku anavaa, ata kwa jua."

"Mimi simjui mtu huyo."

"Mi najua haumujui. Lakini kofia iko ile ile. Koti ata nayo inafanana. Nilifungua kadi mbele ya watu, misa ilipoisha, wakaanza kucheka. Sasa watoto wanamwita Kadi. Na bibi yake, mama ya watoto yake, amekatazwa kurudi kwake."

Lucia alimweleza Espérance, na Espérance, aliyekuwa na mambo mengi mezani, akasema jambo rahisi ni huyo bwana kubadilisha kofia. Shirika linaweza kumpa kofia nyingine nzuri. Baadaye Lucia alisema ataenda mwenyewe.

Mafuta yalikuwa haba wiki hiyo na basi la Muyinga lilisubiriwa sana. Lucia alikaa kituoni na mfuko wake wa rangi magotini, akiwaza kuhusu mkono wake. Alikuwa amejitahidi asimchore mtu yeyote. Hakumtazama jirani, hakumtazama mjomba, hakutumia hata sura ya marehemu baba yake ingawa angeweza. Alidhani mtu asiye na mfano hawezi kumuumiza mtu.

Barnabé alimpokea Muyinga, wakapanda wote kilimani kwa miguu. Njiani akamweleza. Sebastiani alikuwa ameacha pombe tangu mavuno ya maharage. Kabla ya hapo alikuwa akiuza vigae asubuhi na kunywa pesa yote jioni, pombe ya ndizi ya urwarwa kwanza, halafu gongo ya kanyanga. Mke wake, Christina, alichoka akaenda kwa kaka yake, Nazario, upande wa pili wa kilima, na watoto. Nazario alimtazama shemeji yake kwa miezi, akaona kweli harudi nyuma, akakubali dada yake arudi mwisho wa mvua. Ndipo kadi zikafika.

Walimkuta Sebastiani bondeni, penye udongo, akifyatua vigae juu ya kibao. Alikuwa mwembamba, mrefu kuliko mtu wa kwenye kadi, na sura yake haikufanana naye hata kidogo. Lakini kofia ilikuwa ile. Hata Lucia aliona hivyo.

Barnabé akamtambulisha. Sebastiani akaendelea kulainisha udongo kwa mkono uliolowa maji.

"Ni wewe umenichora?"

"Nimechora mtu. Sikukuchora wewe, kaka. Nilikuwa sikujui."

Sebastiani alisikia Kiswahili chake, akainua uso. "Umekulia wapi?"

"Mtabila."

"Mimi kambini Lukole, Ngara." Akafuta mikono kwenye suruali. Kuanzia hapo waliongea bila Barnabé katikati. "Basi nieleze. Watu wa huku wanasema picha imetoka serikalini. Imechapwa, ina rangi. Wanasema serikali imeshaona kwamba nitaanguka, ndiyo maana imenichora nimelala kwenye matope. Nikienda sokoni wananiangalia miguu. Nikijikwaa wanacheka. Sijanywa hata tone, lakini watu wamekwisha kuniona nimelewa."

"Nisamehe."

"Sikuombi uniombe msamaha. Nataka unitoe humo."

Lucia alikumbuka maneno ya Espérance na kwa sababu alikuja kwa niaba ya shirika, aliyasema. Je, angekubali kofia nyingine? Shirika lingemnunulia.

Sebastiani alimtazama kama mtu ambaye hakusikia vizuri.

"Kofia hii niliinunua Kobero na hela yangu," alisema. "Nilikuwa nayo kabla yako. Umenivisha wewe? Kwa nini nivue mimi?"

"Una haki."

"Na kichwa changu kinapata baridi," aliongeza, kwa hasira zaidi, kana kwamba hilo ndilo lililomuumiza.

Barnabé alicheka, kisha akaona anacheka peke yake.

Lucia akasema atazichukua kadi zote za kilima kile na kuzirekebisha, na toleo jipya halitakuwa na kofia. Sebastiani akakubali kwa kichwa. Halafu akasema kadi si tatizo lake kubwa. "Nenda kwa Nazario," alisema. "Umwambie ulivyoniambia mimi. Mimi hanisikilizi, anasema mlevi ana maneno."

Nyumba ya Nazario ilikuwa na bati jipya na migomba mizuri nyuma. Mwenyewe alikuwa mtu wa polepole, aliyevaa shati lililopigwa pasi siku ya kazi. Aliwaletea viti nje, akakaa, akaomba kuona kadi. Lucia alimpa. Alizipanga zote sita kwenye goti, kwa mpangilio sahihi, bila kuambiwa.

"Huyu si shemeji yako," Lucia alisema. "Ni mtu ambaye hayupo. Nilimbuni."

"Umechora mtu ambaye hayupo."

"Ndiyo."

"Kama hayupo, umejuaje kwamba anaanguka?"

"Kwa sababu wengi huanguka. Si wote, lakini wengi. Na wengi wao huinuka, kama kuna mtu wa kuwainua."

"Wengi," Nazario alirudia. "Na Sebastiani yumo kwenye wengi?"

Barnabé alitaka kujibu. Lucia alimtangulia, na baadaye hakuwa na uhakika kama alifanya vizuri.

"Inawezekana," alisema.

Nazario alikusanya kadi akazirudisha. Hakuwa na hasira. Alisema anashukuru kwa kuambiwa ukweli, na kwamba sasa Lucia mwenyewe ameona kwa nini hawezi kumruhusu Christina aondoke. Akasimama, maana yake ziara imekwisha.

Christina alikuwa jikoni muda wote huo, kwenye kibanda kilichokuwa hatua chache tu, na mlango wake ulikuwa wazi. Alitoka akijifuta mikono kwenye kitenge. Alikuwa mdogo kuliko Lucia alivyofikiri, na alitembea kama mtu mwenye mgongo unaouma.

"Naomba na mimi nione," alisema.

Nazario hakupinga. Christina alizitazama kadi akiwa amesimama. Ya kwanza aliitazama haraka akaiweka nyuma, ya pili na ya tatu hivyo hivyo. Kwenye ya nne akakawia.

"Huyu anayempa mkono ni nani?"

"Ni msindikizaji wake," Lucia alisema.

"Na mke yuko wapi?"

Lucia hakuwa amemweka. Mke alikuwemo kwenye kadi ya kwanza na ya sita, na katikati alikuwa amemsahau, au hakumwona ana kazi gani hapo. "Sikumchora," alisema. "Naweza kumwongeza. Nilikuja na rangi."

"Usimwongeze," Christina alisema.

Akaweka kidole juu ya yule aliyenyoosha mkono.

"Tangu tuoane ni mimi ninayemwinua. Nikiwa na mimba nilimwinua. Ameniangukia juu mara moja tukalala wote pale njiani mpaka watu wa sokoni wakatupita. Mgongo huu ni wa hapo." Alimgeukia Barnabé. "Wewe ndiye huyu?"

"Ni mimi," Barnabé alisema. "Siyo sura yangu, lakini ni mimi."

"Akianguka utakuja?"

"Nitakuja."

"Hata kama una wateja sokoni?"

"Nitafunga duka."

"Na kama haupo?"

"Iko wengine wawili kwa groupe. Nitakupatia namba zao zote."

"Kwa hiyo kazi hiyo si yangu tena."

Barnabé alifikiri kwanza. "Yako ni kututelefonia. Basi. Ukipenda."

Christina alimrudishia Lucia kadi tano. Ya nne alibaki nayo.

"Kaka," alimwambia Nazario, "wewe umesema nisirudi kwa sababu ataanguka. Mimi nilijua ataanguka, nimeishi naye. Nilikuwa naogopa kwamba akianguka nitakuwa peke yangu tena. Nitarudi mvua ikiisha, kama tulivyosema."

Nazario alimwambia atafikiria. Alifikiria kwa wiki kadhaa, akaenda kumwona paroko, akamuuliza Barnabé maswali yale yale mara kadhaa akitafuta majibu tofauti. Mwishowe alimsindikiza dada yake mwenyewe, na watoto, na godoro kichwani kwa kijana wa kukodi, mpaka mlangoni kwa Sebastiani. Hakuingia ndani.

Lucia hakuwepo siku hiyo. Alikuwa Gitega akihangaika na mtu asiye na kofia. Kadi za kilima kile alikuwa amezipaka upya kwa mkono, kofia zikawa nywele, na zilionekana vibaya. Sasa ilibidi atafute alama nyingine kwa ajili ya toleo jipya, na kila alama aliyoiwaza ilikuwa ya mtu fulani. Kiraka kwenye kiwiko, kuna mtu anacho. Fimbo, ndevu, buti la mpira, vyote vina wenyewe. Espérance alichoka kumsubiri.

"Weka mbwa," alisema siku moja, akila mhogo wa kuchemsha juu ya ripoti.

"Mbwa?"

"Mbwa anamufuata kila pahali. Mtu anabadilika, mbwa habadiliki."

Lucia alidhani anatania, lakini alijaribu. Mbwa wa kahawia mwenye sikio moja lililolala, kwenye kila kadi, miguuni pa mtu wake. Waliijaribu Makebuko siku ya soko. Watu walimtafuta mbwa kwanza, kisha wakamwona mtu, na hakuna aliyemhesabu mara mbili. Mzee mmoja alisema mbwa huyo anafanana na wa jirani yake. Lucia aliandika jambo hilo, akakaa na wasiwasi kwa siku kadhaa, lakini jirani wa mzee hakuja kulalamika, wala mbwa.

Sebastiani alianguka mwaka uliofuata, baada ya kuuza vigae vingi kwa mtu aliyekuwa akijenga kanisa. Ilikuwa alasiri, mvua ikinyesha. Barnabé alimsimulia Lucia kwa simu, kwa sauti ya kawaida, kama anayeeleza safari. Watu walimwona Sebastiani akipanda kutoka kabare, akaanguka karibu na nyumba yake, akainuka, akaanguka. Wapo waliosema kadi, kadi. Christina alimwona kutoka dirishani. Alichukua simu akampigia Barnabé, akamwambia yuko wapi, kisha akarudi kuchambua maharage.

"Hakutoka?" Lucia aliuliza.

"Hakutoka. Mi nilifika na Crispin wa groupe, tulimuinua. Alikuwa anatutukana. Tulimuosha kwa bomba ya maji ya jirani, tulimulaza kwa kibanda ya vigae, siyo kwa nyumba. Bibi alitupatia blanketi kwa mlango. Alisema merci, akafunga."

"Na watu?"

"Watu walisema bibi iko na roho mbaya."

Sebastiani hakuja kwenye mkutano wa kundi la wanaoacha pombe wiki hiyo wala iliyofuata. Barnabé alikwenda kwake kila siku sokoni pakifungwa, akakaa juu ya rundo la vigae, na siku nyingine hawakuongea lolote. Wiki ya tatu Sebastiani alikuja, akakaa nyuma, na alipoulizwa kama ana neno, alisema hana. Wiki iliyofuata alisema machache. Hadi Barnabé anapiga simu, alikuwa hajanywa tena, na Barnabé hakuongeza kitu juu ya hilo, kwa sababu alijua namna maneno hayo yanavyoweza kugeuka.

Lucia alimaliza simu, akakaa. Halafu akachukua karatasi na kumchora mwanamke ndani ya nyumba, ungo wa maharage mapajani, mgongo wake umeegemea ukuta. Nje, kwa mbali, watu wawili wanamshika wa tatu. Mwanamke hatazami nje. Aliufanyia uso wake kazi kwa muda mrefu, kwa sababu ukimchora anahuzunika watu watasema anateswa, na ukimchora anatabasamu watasema ana roho mbaya, kama walivyokwisha kusema Muyinga.

Espérance aliiangalia. "Hii siyo ya wasindikizaji," alisema.

"Ni ya familia."

"Nani ameomba ya familia?"

"Hakuna."

Espérance aliipeleka picha dirishani, akaitazama tena penye mwanga, akamwambia achore nyingine nne ziendane nayo, wataona watakavyozilipia.

Walizijaribu Makebuko, kwa wanawake waliokuwa na waume au wana wanaokunywa, kwenye chumba walichoazimwa na parokia. Mjadala ulikuwa mkali. Wengi walisema mke mwema hutoka. Mmoja alisema yeye akitoka atampiga mumewe. Mwingine, aliyekaa pembeni tangu mwanzo, alimfuata Lucia mlangoni wakati wa kuondoka, akamuuliza kama ile picha ya ungo inauzwa.

"Bado tunaijaribu," Lucia alisema. "Haijachapwa."

"Naiomba tu hiyo hiyo."

Ilikuwa nakala ya pekee, na Lucia alikuwa hajaipiga hata picha ya simu. Alimtazama yule mwanamke, kisha akampa.